Mahali Tulipopaacha Peupe

Msichana aliyenionyesha ramani kwenye simu yake alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonizuia nisimpigie kelele mbele ya wafiwa. Tulikuwa tumeketi mkekani uani kwa marehemu Zubeda, huku Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, wanawake pekee, tukingoja wanaume wamalize kumswalia na kumzika. Msichana alivaa fulana ya mradi fulani. Alitoka Riruta, na hakumjua marehemu vizuri. Alikuja kumsindikiza rafiki. Aliponisikia nikisema kwamba mimi na Zubeda tuliwahi kuchora ramani pamoja, alitabasamu kama mtu anayemsikia nyanya yake akidai aliwahi kucheza mpira. "Ramani ya nini, Anti?" Nikamwambia, ya hapa. Akatikisa kichwa polepole. "Hapa hakukuwa na ramani, Anti. Hata kwa semina tuliambiwa. Ilikuwa peupe kabisa. Sisi ndio wa kwanza, na tunajitolea tu, hatulipwi." Akapanua vidole viwili juu ya kioo, na Kianda ikanijia karibu: vyoo, vibanda vya maji, shule, duka la dawa, kila kimoja na alama yake. Ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Nikamwuliza, "Na hapa nyuma ya nyumba hii?" Akainama kutazama. "Hapo ni wazi tu. Hakuna kitu." Na wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta wa mabati, nilikuwa nasikia majembe ya wanaume yakichimba kaburi la Zubeda, mahali palepale ambapo hapakuwa na kitu.

Watu hudhani hasira ya mtu mzima hupoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Yangu haijapoa. Nimeibeba tangu miaka ya tisini, nimehama nayo nyumba, nimezaa nayo watoto, na siku ile mkekani niliitambua mara moja, kama unavyoitambua sauti ya ndugu kabla hujageuka. Msichana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la zamani kuliko yeye, na lilikuwa limerudi na simu mpya.

Sitasimulia nilikotoka wala nilivyofika mjini. Hayo yana mahali pake. Mwaka ule nilikuwa nikikaa Kawangware, katika chumba cha mabati kilichobandikwa maboksi ya sabuni kwa ndani ili kuzuia baridi, kiasi kwamba nililala na kuamka nikisoma maneno yaleyale kuhusu weupe wa nguo. Nyuma ya maboksi hayo aliishi Mama Shiru, mpishi wa mandazi, aliyegombana na mumewe kila alfajiri kuhusu maji. Sikuhitaji saa. Nikisikia, "Wewe ulioga na ndoo nzima kama mheshimiwa, sasa unga nitakanda na mate?" nilijua kumekucha. Asubuhi nilifundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea iliyokuwa ndani ya kanisa, na mandazi ya Mama Shiru yaliyoungua ndiyo yaliyokuwa kiamsha kinywa changu, kwa kuwa yasiyoungua yalikuwa ya wateja. Ni katika darasa hilo siku moja alikuja mama mmoja wa shirika, aliyevaa viatu visivyojua matope, tukamwita Madam na jina lake likatupotea. Madam alitandaza sakafuni ramani ya mji iliyotoka ofisini, akatuambia tujitafute. Tulijitafuta. Mitaa ya wenye magari ilikuwa na mistari mizuri na majina. Kwetu palikuwa peupe, na kule Kibera kulikuwa na alama ndogondogo za miti.

Watu walicheka mpaka kanisa likatetemeka. "Kumbe mimi ni mti!" alisema fundi viatu mmoja. "Na wewe Mama Shiru ni mti gani?" Mama Shiru hakusita. "Mimi ni mwarobaini. Uliza bwanangu." Tulicheka, lakini nakumbuka jinsi kicheko kilivyokwisha, kwa mkupuo, kama taa iliyokatwa. Kila mtu alikuwa ameelewa. Ndiyo sababu gari la taka halikuja. Ndiyo sababu mjamzito alibebwa kwa mkokoteni hadi barabarani. Hawakuwa wametusahau, mtu husahauliwa baada ya kujulikana. Hatukuwapo.

Basi tulijichora wenyewe. Hatukuwa na vyombo. Tulimwaga majivu ya jikoni kwenye sakafu ya kanisa na kuyasawazisha kwa kipande cha ubao, kisha tukachora vichochoro kwa kijiti. Harage moja lilikuwa mlango, kifuniko cha soda kilikuwa choo, uzi wa buluu ulikuwa maji. Hakuna aliyekuwa mwalimu. Mchuuzi wa mboga alijua vichochoro kuliko chifu, watoto walijua matundu ya ua, walevi walijua njia za mkato na walisema kwa fahari. Kazi ilipokwisha tulisimama kuizunguka, na Mama Shiru akainama kuitazama. Halafu akauliza, "Hivyo vifuniko vyote vimezunguka nini?" Vilikuwa vimezunguka kisima. Kile kisima cha nyuma ya machinjio ambamo nusu yetu tulichota maji, maji ambayo watoto wangu wa chekechea walikunywa kisha wakakosa darasa kwa kuhara. Tulikuwa tumekipita kila siku na vyoo vyake vyote, lakini hatukuwahi kuviona kwa pamoja, kutoka juu, kama ndege. Hakuna daktari aliyetuambia. Tuliinama tukaona. Wiki hiyohiyo kisima kilifunikwa kwa jiwe, na wanawake wakaunakili mchoro kwenye karatasi, wakaenda nao kwenye ofisi ya maji na kuketi pale na watoto mgongoni mpaka mtu akachoka kuwatazama. Bomba lilikuja. Nililia siku maji yalipotoka, na silii hovyo. Ninayaandika haya ili ieleweke kwamba mimi sikuwahi kuwa adui wa ramani. Niliipenda kazi ile kama watu wanavyompenda mchumba wa kwanza, na ndiyo maana iliweza kuniumiza.

Zubeda alikuja Kawangware kuliona bomba. Alikuwa msichana mrefu wa Kinubi, mwenye sauti ya kukwaruza na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Wanubi ni wajukuu wa askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudan, wakapewa Kibera wakae, wakakaa, wakazaa, wakazikana, na baadaye wakaambiwa hawana karatasi. Zubeda aliutazama mchoro wetu wa karatasi, akaniambia, "Sasa wewe mwalimu utakuja kwetu utufundishe." Nikamwambia mimi si mwalimu wa hayo. "Basi uje kula tu. Ukishakula huwezi kukataa." Ndivyo nilivyofika kwa nyanya yake, ambaye kwa lugha yao walimwita Haboba, Haboba Nuru, nyumba ya udongo yenye veranda pana na kuta zilizojaa tabaga, vile vifuniko vya chakula vinavyosukwa kwa ukindu wa rangi. Tulikula gurusa, mkate wao mwembamba kama kitambaa, kwa mchuzi wa bamia, sinia moja, mikono yetu ikigongana. Aliyekuwa wa nne kwenye sinia ni Ogola, fundi mwashi Mjaluo aliyepanga chumba kwa Haboba. Wapangaji na wenye nyumba hawakupendana mwaka ule. Nilisikia maneno vichochoroni: hawa Wanubi wanajiona wenye mji; hawa watu wa ziwa wamekuja jana wanataka kutuhamisha. Lakini Haboba alimwita Ogola "mtoto wangu mweusi asiyelipa kwa wakati," naye Ogola alimjibu, "Yawa, Haboba, paa lako linavuja kwa wakati," na wote wawili wakaendelea kula.

Kibera tulichora kwa muda mrefu kuliko Kawangware, kwa sababu ilikuwa kubwa na kwa sababu Zubeda alitunga sheria. Sheria yake ilikuwa kwamba karatasi haifungwi mpaka walio ndani yake waisome. Kila kipande tulichomaliza tulikitundika kwenye kamba ya nguo uani kwa Haboba, na yeyote aliweza kuja na makaa akarekebisha. Walikuja. "Mbona mlango wangu mmeuelekeza chooni? Mlango wangu unaangalia duka." "Mama Atieno, choo kiko mbele ya duka." "Basi chora duka kubwa, choo kifichike." Mzee mmoja wa Raila, kile kijiji cha chini, alitaka njia ya kwake ichorwe pana kwa sababu anakusudia kununua gari. Ogola alimjibu, "Buda, nunua gari kwanza, njia itakuja kulitafuta." Tulikwenda hivyo, kamba kwa kamba, na Ogola akipima kwa uzi wake wa nailoni wa kujengea. Kwa mara ya kwanza wapangaji na wenye nyumba walisimama upande mmoja wa karatasi, wakibishana juu ya mahali pa mtaro badala ya nani alitangulia kufika. Moto uliposhika chumba kimoja karibu na mtaa wa Olympic katikati ya mchana, wanawake walijua kichochoro kipi kinatoka na kipi kimezibwa, kwa kuwa walikwisha kukibishania uani kwetu. Hakufa mtu. Nani ameandika hilo mahali popote?

Sasa nifike penye donda. Nyuma ya nyumba ya Haboba kulikuwa na makaburi. Hayakuwa ya kupendeza; vilima vidogo vya udongo, mawe ya kichwani, nyasi, mti mmoja wa mkuyu uliopinda. Walilala hapo askari wa zamani, wake zao, watoto. Siku tulipofika hapo na ubao wetu, Haboba alisimama verandani akasema, "Hapo msichore." Zubeda akamwuliza kwa nini. "Wafu hawanyooshewi kidole. Na kalamu ni nini kama si kidole?" Nilikuwa najua mwiko huo, hata kwetu, ukinyoosha kidole kwenye kaburi kwa bahati mbaya, unaking'ata upesi kisije kikaoza. Ogola tayari alikuwa na vidole mdomoni, fundi mzima, na hatukumcheka. Haboba mwenyewe alipotaka kutuonyesha mahali pa mumewe alikunja ngumi na kuelekeza kifundo, kichwa kimeinama. Basi tulipitisha mstari kuzunguka uwanja ule, tukauacha peupe. Karatasi ilitundikwa kambani kama nyingine zote, na watu wote wa Kianda wakaisoma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza weupe ule ni nini. Kila aliyeutazama aliteremsha sauti. Kwetu weupe ule ulikuwa umejaa.

Madam alikuja kuichukua ramani. Alisema itawekwa kwenye kioo ili isiharibike. Tulifurahi! Tulimpa gurusa, tukamfungia na tabaga moja, tukamsindikiza hadi garini tukiimba. Hatukubaki na nakala, kwa sababu nani huomba nakala ya uso wake mwenyewe? Baadaye nilikwenda ofisini kwao, nikaiona ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, juu ya sahani ya biskuti, na wageni wakiisifu kwa rangi zake. Sikujua kwamba ilikuwa imekwisha kupita mikono mingine. Madam alikuwa amewapa nakala yake wenzake wa ofisi fulani mjini, na ofisi ile ikampa mtu, na mtu yule alikuwa na macho ya wakati ule. Wote wa umri wangu wanayakumbuka macho hayo. Yalikuwa yakitazama kiwanja cha shule, choo cha umma, ukingo wa mto, na kuona hati ya kiwanja.

Vigingi vilitangulia. Kisha ukaja mtaro wa msingi, upande wa juu wa makaburi unaopakana na njia ya magari, wafanyakazi wakichimba kwa haraka ya watu walioambiwa wasiulize. Zubeda alinifuata Kawangware akikimbia. Alipofika chumbani kwangu alishika ukuta wa maboksi na kuhema. Tulirudi pamoja. Haboba alikuwa ameketi chini, kwenye udongo mbichi uliotoka mtaroni, miguu imenyooka mbele, na mchimbaji kijana amesimama na sururu yake hewani asijue afanye nini na bibi kizee. "Mathe, tafadhali toka, mimi nimetumwa." Haboba akamjibu, "Na mimi nimezaliwa. Piga."

Chifu aliitisha baraza siku iliyofuata. Alikuja na mwakilishi wa mwenye kiwanja, mtu mpole mwenye mkoba, na kutoka mkobani akatoa ramani. Nilidhani ni ile ya ofisini yenye miti. Ilikuwa yetu, nakala iliyopigwa kwa mashine. Niliyajua maandishi yangu mwenyewe, niliujua mstari wa Ogola uliopinda pale mbwa alipomtisha. Mtu yule aliinua karatasi watu wote waione, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Wananchi, sisi hatukuchora. Mlichora wenyewe, vizuri kabisa. Kila choo kipo, kila mlango upo. Na hapa mkaonyesha kwamba ni wazi. Hakuna kitu. Sasa leo mnasema kuna watu?"

Hapakuwa na kelele. Ningependa kusema watu walipaza sauti, lakini kwanza palikuwa na ukimya wa watu waliopigwa na mkono wao wenyewe. Kisha Ogola akasema kutoka nyuma, "Hiyo ni heshima, wewe. Tuliacha kwa heshima." Mtu wa mkoba akatabasamu. "Heshima haina alama kwenye ramani, bwana." Sijasahau sentensi hiyo. Nimeichukia miaka hii yote kwa sababu ilikuwa ya uongo na aliisema kama ukweli. Yeye alijua kuna makaburi. Chifu alijua, alikuwa amehudhuria mazishi pale. Wachimbaji walijua, ndiyo maana hawakututazama machoni. Hakuna aliyedanganywa na weupe wetu. Waliutumia tu, kama mtu anayekuta mlango umeachwa wazi kwa ajili ya mgeni akaingia kubeba vyombo. Nilikwenda kwa Madam peke yangu, bila kupiga hodi. Alinipa chai. Aliniambia ramani ni ya kila mtu, kwamba hakukusudia, kwamba wangejua mapema wangetushauri tuonyeshe kila kitu. "Mlipaswa kuchora kila kitu," alisema. Nikamwambia, "Na nyinyi mlipaswa kuuliza." Chai ile sikuinywa. Niliitoa ramani yetu ukutani na kioo chake, nikatoka nayo mtaani nimeikumbatia, na mlinzi wa mlangoni akanifungulia lango akidhani nimetumwa.

Chifu alikuwa ametupa hadi mwisho wa juma tuthibitishe. Jioni hiyo uani kwa Haboba watu walizungumza kwa hasira ya kukatizana. Wengine walitaka mawe, wengine walitaka wakili, wengine wakarudia ule wimbo wa zamani kwamba haya ni mambo ya Wanubi, wapangaji wasijitie. Zubeda ndiye aliyesema tuyachore makaburi. Wote wakamtazama Haboba. Bibi alikuwa akimenya vitunguu, na hakuacha. Alimenya mpaka kitunguu kikaisha, ndipo akasema, "Wafu hamtawachora. Mtawachora walio hai." Hatukuelewa. "Kila mtu aende asimame kichwani kwa wa kwake. Anyamaze, asinyooshe mkono. Nyinyi mchore watu waliosimama. Hilo halina mwiko."

Asubuhi ile Wanubi walikuja kutoka kila upande wa Kibera, wanawake kwa shuka zao za rangi, wanaume kwa kanzu, wakaingia makaburini bila viatu na kusimama. Ogola akapitisha uzi wake kati yao kama anayejenga nyumba. Mimi niliandika, Zubeda akauliza majina. "Umesimama kwa nani?" "Kwa baba yangu, Juma, alikuwa mpiga tarumbeta." "Umesimama kwa nani?" "Mama mkwe. Tuligombana. Andika tu, ni wangu." Lakini palikuwa na mawe mengi yasiyo na mtu, familia zilizohama, zilizokwisha. Yangebaki peupe tena. Ndipo mke wa Ogola akavua viatu getini, Mjaluo, Mkristo, mpangaji, akauliza, "Haboba, huyu wa pembeni hana watu? Nipe mimi." Haboba akaelekeza kwa kifundo. "Huyo alikuwa askari, alikuwa na kelele sana. Mtaelewana." Wengine wakamfuata, wauza samaki, mafundi, hata yule mzee wa Raila asiye na gari. Mimi nilipewa kaburi fupi karibu kabisa na mtaro. "Huyo ni wa Fatuma mshonaji," Haboba aliniambia. "Alikufa kabla ya siku ya saba, hakupata jina. Simama naye." Nilisimama. Udongo ulikuwa baridi chini ya nyayo zangu, na nilihisi aibu ya ajabu kwamba kitu kidogo namna ile kilihitaji mtu mzima kama mimi kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwapo.

Mwishoni Haboba mwenyewe alikuja akasimama kando ya mumewe, mahali pasipo na kilima. "Nichoreni na mimi hapa. Na kushoto kwangu Zubeda." Zubeda akapiga kelele, "Haboba! Hata sijaolewa!" "Mume atakuja au hatakuja. Hii utahitaji." Watu wakacheka makaburini, na sikuona kwamba ilikuwa vibaya. Ogola akaziweka zote mbili, nafasi mbili tupu zenye majina. Na kabla karatasi haijaenda popote, tuliinakili kwa mkono, tena na tena, mpaka kila nyumba inayopakana na uwanja ikawa na yake chini ya godoro. Hilo tulikuwa tumejifunza.

Trekta lilikuja pamoja na chifu na askari wa utawala, na watu wakaenda wakasimama vilevile, kila mmoja mahali pake kama ilivyoandikwa. Mtu wa mkoba alitazama karatasi, akatazama watu, akatazama karatasi. Ningeishia hapo kama ningekuwa natunga hadithi. Lakini chifu alikuwa mtu wa kutaka sifa ya hekima, akatangaza kwamba kwa ajili ya amani uwanja utagawanywa: upande wa chini ubaki kwa wenyewe, upande wa juu ambako msingi umekwisha kuchimbwa uende kwa mwenye hati. Aliwagawanya wafu kama anayekata mkate, na askari wakayasukuma magongo yao mbele ili tuone kwamba amemaliza. Nilikuwa nimesimama upande wa juu. Askari aliyenitoa alikuwa mpole pia. Wote walikuwa wapole mwaka ule. "Sister, songa kidogo tu." Sikusonga. Alinibeba. Nilimwona Zubeda akinitazama kutoka upande uliosalia, mikono yake imeshika mdomo, na nyuma yangu nikasikia chuma kikiingia udongoni. Ukuta wa stoo ya saruji ulijengwa hapo kabla ya mvua. Upo mpaka leo.

Mara nyingi nimeambiwa nishukuru. Tuliokoa sehemu kubwa, wanasema. Kwingine hawakuokoa hata jiwe, na ni kweli, na ramani ndiyo iliyookoa. Kwa miaka iliyofuata kila alipokuja mtu na vigingi, mtu fulani alinyanyua godoro. Lakini shukrani hainitoki. Kwa nini iwe kazi ya maskini kuthibitisha kwa karatasi kwamba mama yao alikufa? Mitaa ya wenye magari haikuulizwa.

Wanaume waliporudi kutoka kumzika Zubeda, Ogola alikuwa mbele yao, mzee sasa, goti limekufa, kanzu ya kuazima mabegani. Alikuja moja kwa moja kwangu. "Ameingia sawasawa," alisema. "Kushoto kwa Haboba. Vijana walitaka kuchimba kwingine, nikawatolea karatasi." Aliitoa kwapani, nakala yake, imekuwa ya rangi ya chai. Msichana wa Riruta akainama kuitazama. Alitazama kwa muda mrefu. Niliona jicho lake likitoka kwenye karatasi na kwenda kwenye simu, kwenye ule uwanja wazi, na kurudi, na niliona uso wake ukibadilika. Hakusema pole; angesema, ningemchukia. Alisema, "Sisi tulichora kwa picha za kutoka juu, Anti. Kutoka juu hawaonekani."

"Vua viatu," nilimwambia.

Tulingoja uwanja uwe mtupu, kisha tukapita uwazi wa mabati, mimi, yeye na Ogola. Nilimsimamisha kichwani kwa Zubeda, penye udongo mbichi, nikamwambia asimame tu, na Ogola akaanza kumsomea majina, safu kwa safu, akimwelekeza kila kaburi kwa kifundo cha ngumi, naye akawa anaandika kwa haraka. Mimi nilipanda juu mpaka penye ukuta wa stoo na kuugeuzia mgongo, karibu kadiri mtu anavyoweza kuwa karibu. Ogola alipofika mwisho wa karatasi aliikunja. Msichana akapaza sauti, "Na wewe, Anti? Umesimama kwa nani?"

"Mtoto wa Fatuma mshonaji. Hana jina."

"Lakini hapo kuna stoo. Nimeichora."

"Iache. Ongeza na yeye."

Alikitazama kioo. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya mahali pale, kimenyooka, na nikangoja kwa hasira yangu yote. Akasita. Akamtazama Ogola, aliyekuwa na vidole mdomoni. Kisha akaukunja mkono wake polepole, akainamisha kichwa, na kubonyeza kwa kifundo.